Kupanda Mchongoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Marathoni za Miji Yenye Vilima

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakimbiaji wa Mombasa na viunga vyake ambao wamezoea barabara tambarare za pwani, na ambao sasa wamejiandikisha, au wanafikiria kujiandikisha, katika marathoni ya mji wenye vilima, uwe Nairobi, Boston au New York. Maswali yenyewe ni yale ambayo huulizwa alfajiri baada ya alfajiri tunaponyoosha viungo pale ufukweni Mama Ngina, na nimeyaacha katika mpangilio wake wa mazungumzo.

Nimezaliwa na kukulia kisiwani, ambako hakuna kilima cha maana. Je, naweza kweli kukimbia marathoni ya vilima?

Unaweza, na una akiba ambayo huenda huijui. Mwili uliozoea kufanya mazoezi katika joto na unyevu wa Mombasa huongeza kiasi cha majimaji ya damu na hujifunza kutoa jasho mapema, na faida hiyo husafiri nawe hata unapokwenda kukimbia mahali penye baridi. Wakongwe wa riadha hapa kwetu wanaikumbuka tarehe 24 Machi 2007, siku ambayo mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kufika mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka mshindi. Joto linalokusindikiza kila siku kutoka Buxton hadi Nyali ndilo lililowamaliza watu wengi siku ile.

Kitu ambacho kisiwa hakikupi ni miguu iliyozoea mwinuko na, zaidi ya hapo, miguu iliyozoea kuteremka. Hilo ni pengo linalozibika kwa majuma kumi na mawili hadi kumi na sita ya mazoezi yenye mpango.

Kila mtu ananitisha kuhusu kupanda. Kwa nini ninyi mnasisitiza kushuka?

Kwa sababu wahenga wa pwani walikwisha kulisema jambo hili kabla ya sayansi ya michezo kuzaliwa: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Unapopanda, moyo na mapafu hulalamika mara moja, nawe hulazimika kupunguza mwendo upende usipende. Kilima chenyewe hukushika mkono na kukutuliza. Unapoteremka hakuna anayelalamika. Pumzi ni nyepesi, saa inaonyesha kasi ya kupendeza, na kila hatua misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, yaani inakaza huku ikivutwa na kurefuka. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli, na maumivu yake hayaji papo hapo. Hujitokeza baadaye, kwa kawaida pale kilomita ya 30 inapopita na mapaja yanapogeuka kuwa magogo.

Njia ya Boston ndiyo somo bora kuliko zote. Mbio hizo, zilizoanza mwaka 1897, huanzia mji wa Hopkinton ulio karibu mita 149 juu ya usawa wa bahari na kumalizikia katikati ya Boston, ambako ardhi iko mita chache tu juu ya bahari. Kilomita moja na nusu ya kwanza peke yake hushuka takriban mita 40, na mteremko huendelea kwa vipindi hadi karibu na kilomita ya 26. Hapo ndipo vinapoanza vilima vinne vya Newton, na cha mwisho, kiitwacho Heartbreak Hill, hufika baada ya kilomita ya 32. Jina hilo huwafanya watu wadhani ni mlima. Ukweli ni kwamba hupanda mita 27 hivi katika urefu wa mita 600. Mtu wa Wundanyi, kule milima ya Taita, angekitazama na kuuliza kilima chenyewe kiko wapi. Kinachowavunja watu pale ni mapaja waliyoyachosha asubuhi ile wakishangilia mteremko, na kilima hubeba lawama isiyokuwa yake.

Hata mabingwa hawasazwi na njia ile. Mwaka 2023 Eliud Kipchoge, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia wakati huo, alikaa mbele ya kundi tangu mwanzo, akaachwa nyuma kwenye eneo la vilima karibu na kilomita ya 30, na kumaliza wa sita kwa saa 2:09:23. Baadaye alieleza kwamba mguu wa kushoto ulimsumbua. Evans Chebet ndiye aliyeshinda, kama alivyokuwa ameshinda mwaka uliotangulia.

Nami nilipata funzo langu Nairobi, katika marathoni yangu ya kwanza nje ya pwani. Niliteremka sehemu za mwanzo nikiwapita watu makundi kwa makundi na kujiona simba, na kilomita ya 33 ilinikuta nimeshikilia nguzo ya taa, nikiwatazama watu walewale wakinipita kwa utulivu, mmoja wao akiniuliza kwa upole kama ninahitaji maji.

Basi niteremke vipi?

Fupisha hatua na uziongeze wingi. Mguu utue chini ya mwili badala ya kutangulia mbele kwa kisigino, kwa kuwa kisigino kilichotangulia ndicho breki inayoumiza goti na paja. Mwili wote uelekee mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, mikono ilegee na kupanuka kama ya mtu anayevuka ubao wa kupandia mashua. Usijizuie sana wala usijiachie kabisa. Ukisikia nyayo zako zinapiga lami kwa kishindo, unatumia nguvu kupita kiasi. Mteremko mzuri ni ule ambao aliye kando yako hasikii miguu yako.

Kuhusu kupanda, maelezo ni mafupi: hatua fupi, macho mita kumi au kumi na tano mbele badala ya kileleni, mikono ifanye kazi kidogo zaidi, na ukifika juu usiongeze mwendo mpaka pumzi irudi.

Kasi sawasawa maana yake nini ikiwa barabara yenyewe haiko sawa?

Hili ndilo swali linalozaa makosa mengi kuliko yote, kwa sababu watu wa barabara tambarare tumezoea kuamini kwamba kukimbia kwa utulivu ni kuona tarakimu ileile kwenye saa kila kilomita. Kwenye vilima, kinachopaswa kubaki sawa ni juhudi, na kasi iachwe ipande na kushuka pamoja na ardhi.

Tuchukue mfano wa mkimbiaji anayelenga kumaliza kwa saa nne na nusu. Marathoni ni kilomita 42.195, kwa hiyo anahitaji wastani wa dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Kanuni ya kukadiria ambayo makocha wengi huitumia ni kwamba kila asilimia moja ya mwinuko hugharimu takriban sekunde 8 kwa kilomita, na kila asilimia moja ya mteremko hurudisha kama sekunde 5 tu. Mwinuko wa Heartbreak Hill ni karibu asilimia 4.5, hivyo mkimbiaji wetu akitunza juhudi ileile atapanda kwa takriban dakika 7 kwa kilomita, na kwa kuwa kilima ni mita 600 tu, atapoteza sekunde 22 hivi. Sekunde ishirini na mbili, katika safari ya saa nne na nusu! Akikataa kuzipoteza na kung'ang'ania kasi ya tambarare, atalipa kwa pumzi na kwa akiba ya wanga mwilini, na deni hilo hudaiwa kwa dakika, si kwa sekunde.

Kanuni hiyo inaonyesha pia kwamba kilichopotea juu hakirudi chote chini. Anayejaribu kukirudisha chote kwa kuteremka mbio ndiye yule wa nguzo ya taa. Kwa hiyo, kubali tangu nyumbani kwamba njia ya vilima itakuongezea muda. Kwa mkimbiaji wa saa nne na nusu mimi hukadiria dakika tano hadi kumi kulingana na njia. Hata hivyo, ikiwa muda wako wa tambarare uliupata Mombasa katika msimu wa kaskazi, huku jasho likijaa hadi ndani ya viatu, basi baridi ya Boston mwezi Aprili au New York mwezi Novemba huenda ikakurudishia dakika hizo bila wewe kufanya lolote.

Katika kugawa mbio nzima, ninapendekeza kilomita kumi za kwanza ziwe nyepesi kiasi cha kukukera, kilomita ishirini zinazofuata ziwe za kazi ya kawaida, na uamuzi wowote wa kuongeza mwendo usubiri mpaka kilima kikubwa cha mwisho kiwe nyuma yako. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 60 na sekunde 48 na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Chicago ni tambarare kama meza, na hata huko subira ya nusu ya kwanza ndiyo iliyoleta matunda.

Sina saa ya kupima kasi. Je, nitajuaje juhudi yangu?

Pumzi ni kipimo kizuri kuliko saa, na haiishi chaji. Katika sehemu kubwa ya mbio unapaswa kuweza kusema sentensi nzima kwa mwenzako bila kukatiza. Juu ya kilima maneno matatu au manne yanatosha. Ukishindwa kutamka hata neno moja, umepita mpaka. Baadhi ya wenzetu husoma nyiradi kimoyomoyo kwa mdundo wa hatua, na wananieleza kwamba mdundo ukivurugika wanajua mara moja kuwa wamejisahau. Siwezi kufikiria kipimo kilicho rahisi zaidi ya hicho.

Nifanyie wapi mazoezi ya vilima hapa Mombasa?

Tuanze na kile kilicho karibu. Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea, ndilo kilima cha umma cha kisiwa chetu. Linapanda kwa upole kutoka kila upande, upepo wa mkondo unapiga, na mtu anaweza kulivuka na kurudi mara sita au nane kwa asubuhi moja. Nenda mapema, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya matatu na tuktuk kuanza kugombania njia. Tumia sehemu ya waendao kwa miguu, na mahali pasipo na njia hiyo kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yaje yakikukabili. Usiweke visikizi masikioni. Bodaboda hazina desturi ya kubisha hodi.

Kwa mwinuko mfupi na mkali ziko njia zinazoteremka kuelekea kivuko cha Likoni, na vichochoro vya Mji wa Kale vinavyoshuka kuelekea bandari ya majahazi, ingawa huko nawasihi mwende kwa heshima, kwani watu wanatoka msikitini na wazee wamekaa barazani. Salamu ni sehemu ya mazoezi. Wanaoishi ghorofani wana ngazi zao, na kushuka ngazi polepole kwa dakika kumi, mara mbili kwa juma, huimarisha mapaja kuliko wengi wanavyodhani.

Hata hivyo, hakuna kati ya hizo inayoweza kuchukua nafasi ya kilima halisi, na kwa mtu wa Mombasa kilima halisi kiko Kwale. Barabara inayoiacha njia kuu ya Lunga Lunga pale Kombani hupanda kutoka uwanda wa pwani hadi mji wa Kwale, ulio karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari pembezoni mwa Shimba Hills. Vuka feri alfajiri, panda matatu hadi Kombani, kimbia kwenda juu kwa pumzi ya mazungumzo, kunywa chai Kwale, kisha uteremke kwa miguu yako. Hapo mwishoni ndipo wengi huharibu: wakishafika juu huona kazi imekwisha na kurudi kwa matatu, kumbe walichokifuata Kwale ni ule mteremko. Wanaoishi Changamwe, Miritini na Mikindani wataona Mazeras na Rabai ni karibu zaidi, nako kuna vilima vya kutosha, ila ile barabara kuu ya malori ya Nairobi iepukeni.

Ufuo wa Nyali na Bamburi maji yakiwa yamekupwa ni mzuri kwa vifundo na kwa nafsi, lakini hautoi mafunzo ya vilima. Niliwahi kubishana sana na rafiki mmoja kuhusu jambo hili, naye mpaka leo anakimbia ufuoni tu.

Mazoezi hayo yapangwe namna gani?

Mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 30 kwa juma bila maumivu anaweza kujipa majuma kumi na sita. Majuma manne ya kwanza aongeze umbali tu, taratibu, katika tambarare. Kuanzia juma la tano aongeze siku moja ya daraja au ngazi, na kila baada ya juma moja mbio zake ndefu zifanyike mahali penye mteremko. Mbio ndefu zifike kilomita 28 hadi 32 mara mbili au tatu katika kipindi chote, na zile nyingine zote za juma ziwe nyepesi kweli. Mkimbiaji anayefanya kila siku kuwa siku ya mashindano hafiki kwenye mashindano.

Misuli ina tabia ya ajabu: ikishaumizwa mara moja na mteremko na kupona, kinga hudumu kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana mteremko mkubwa wa mwisho unapaswa kufanywa takriban majuma matatu kabla ya mbio, ili maumivu yaishe na kinga ibaki. Baada ya hapo umbali upunguzwe juma hadi juma. Wengi huogopa kupumzika. Hofu hiyo haina msingi, kwani hakuna mazoezi ya siku kumi za mwisho yatakayokuongezea nguvu siku ya mbio, ilhali yapo mengi yatakayokupunguzia.

Ramadhani ikiangukia katikati ya mazoezi, nifanye nini?

Lengo la mwezi huo liwe kutunza ulichonacho. Wengi wetu hukimbia dakika thelathini au arobaini nyepesi kabla ya magharibi, ili kiu ikatizwe na futari mara tu baada ya kumaliza, na kuweka mazoezi ya daraja au ngazi usiku baada ya tarawehe, mara moja au mbili kwa juma. Mbio ndefu ziahirishwe. Wakati wa daku kunywa maji kidogokidogo, na usitegemee vyakula vya kukaanga pekee. Sijaona mkimbiaji aliyeharibikiwa na mwezi wa mbio nyepesi. Nimewaona walioharibikiwa na juma la kwanza la Shawwal, walipojaribu kulipa madeni yote kwa siku saba.

Nairobi iko juu sana. Je, hewa itanitosha?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi, na mtu wa pwani huhisi hivyo hata kwenye kipande tambarare, sembuse kwenye barabara inayopanda na kushuka kama Southern Bypass. Ukiweza, fika majuma mawili kabla ili damu na pumzi vizoee. Usipoweza, kama wengi wetu wenye kazi, panda treni ukafike siku moja kabla, ulale, ukimbie, urudi. Wengi huona siku ya tatu hadi ya tano kuwa mbaya zaidi. Kwa vyovyote vile, anza kwa kuongeza sekunde 15 hadi 20 kwa kila kilomita juu ya kasi yako ya kawaida, na upuuze kabisa kasi ya mwenyeji anayekimbia kando yako akipiga soga.

Nile na kunywa nini?

Mwili hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita, na hivyo mtu wa kilo 60 atatumia karibu 2,500 katika marathoni nzima, ilhali akiba ya wanga katika misuli na ini kwa kawaida huwa kama 2,000. Sehemu ya nguvu hutoka kwenye mafuta ya mwili, lakini kadiri unavyokwenda kwa kishindo ndivyo wanga unavyoliwa haraka. Hii ni sababu nyingine ya kutunza juhudi kwenye vilima vya mwanzo. Kusudia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa kuanzia nusu saa ya kwanza. Tende ndogo tano au sita zina takriban gramu 30, hazihitaji kuagizwa ng'ambo, na sisi tumezizoea tangu utotoni. Toa kokwa nyumbani.

Chakula cha jioni iliyotangulia kiwe cha wanga wa kawaida: wali mweupe, viazi, muhogo wa kuchemsha, chapati. Nazi nzito, pilipili na maharagwe vingojee hadi siku ya pili. Asubuhi, muda wa saa tatu kabla ya mbio kuanza, chai na mahamri mawili yasiyo na mafuta mengi yanatosha, au mkate na ndizi.

Kunywa kwa kadiri ya kiu. Hofu ya kukauka imewafanya watu wanywe maji kupita kiasi mpaka chumvi ya damu ikashuka, na hali hiyo inaweza kuua. Dafu ni zuri baada ya mazoezi, lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo kuliko ile inayopotea kwa jasho, hivyo lisiwe kinywaji chako pekee.

Kutembea kwenye kilima ni aibu?

Si aibu. Ikiwa kutembea kwa sekunde thelathini kutarudisha pumzi yako, tembea, ila uwe umeamua mapema mahali pa kuanza kukimbia tena: ile nguzo, lile bango.

Ninavaa hijabu na ninaona haya kukimbia barabarani. Mna ushauri gani?

Kina mama na kina dada kadhaa hukimbia nasi wakiwa wamejistiri, na kitu wanachokisisitiza ni kitambaa chepesi kinachokauka upesi, mtandio usiobana koo, na kutokuvaa nguo mpya siku ya mbio. Kukimbia kwa kundi alfajiri huondoa haya na huongeza usalama. Maneno ya vijiweni yapo, lakini kwa uzoefu wa kundi letu huchoka kabla ya wakimbiaji kuchoka.

Naweza kumeza dawa ya maumivu kabla ya mbio?

Hapana. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo huuzwa kwetu kana kwamba ni peremende, huzipa figo mzigo wakati ambapo tayari zina upungufu wa maji na damu. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi, na yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu njiani asimame hapo hapo.

Kuna furaha gani katika kilomita 42 za vilima?

Iko ya namna mbili. Ya kwanza hutolewa na watu. Huko New York, njia hupita madaraja matano na kugusa sehemu zote tano za jiji. Daraja la Queensboro, karibu na kilomita ya 25, linapanda kimya kimya pasipo watazamaji, husikii ila pumzi na nyayo. Kisha unateremka na kukuta First Avenue imejaa kelele kama harusi inayosubiri bwana arusi. Boston nako, karibu na katikati ya njia, wanafunzi wa chuo cha wanawake cha Wellesley hupiga mayowe yanayosikika kabla hujawaona. Furahia, wapungie mkono, wajibu vigelegele, gusa viganja vya watoto. Lakini tazama miguu yako isiitikie, kwa maana shangwe huongeza kasi bila idhini yako, na sehemu zote mbili nilizozitaja hufuatiwa na vilima.

Furaha ya pili huja kwa subira, na wengi hawaijui kwa sababu hawajawahi kuisubiri. Ni ile ya kufika kilomita ya 35 ukiwa na miguu yako, kilima cha mwisho kikiwa nyuma, ukaona kwamba unaweza kuongeza mwendo kidogo, na kisha kidogo tena. Kipchoge amesema mara nyingi kwamba hutabasamu pale anapoumia. Mimi sina tabasamu lake, lakini nimegundua kwamba kumsalimia kila anayejitolea kwenye kituo cha maji hulegeza uso na mabega kwa pamoja.

Na ikiwa nimekosea, nimeteremka kwa pupa, na kilomita ya 30 imenikuta hoi?

Sahau muda uliokuwa ukiulenga. Huo umekwenda na maji. Kula chochote chenye sukari, tembea dakika mbili, kisha kimbia dakika tatu, utembee moja, na urudie hivyo bila kutazama saa. Mapaja yaliyochanika hayaponi njiani, lakini tumbo lililopata wanga linaweza kukufikisha. Zungumza na aliye karibu nawe, kwa kuwa katika kilomita hizo utakuta watu wengi wenye kosa lako.

Baada ya mbio, maumivu yatachukua muda gani?

Maumivu ya mteremko hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, nawe utajua kwa jinsi utakavyoteremka ngazi: kinyumenyume, ukishikilia ukuta, huku watoto wa jirani wakicheka. Tembea kila siku, lala mapema, kula vizuri, na usikimbie kwa angalau juma zima. Ukirejea Mombasa, nenda ufuoni maji yakiwa yanajaa, ingia mpaka kiunoni na utembee polepole sambamba na pwani kwa nusu saa, mawimbi yakikukanda mapaja.

Ukipanda feri siku hizo, acha umati ushuke kwanza. Ule mwinuko wa kutoka kivukoni unaopandwa na maelfu ya watu kila asubuhi bila kuutambua, wewe utautambua.